Mgongo wa mama na ile nusu ndoo ya maji

Barua za mwezi huu zimekuja na migongo mitupu. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu kila mwezi napata kama hiyo kutoka mji mwingine, ikiwa na mama mwingine na ndoo nyingine.

Swali

Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 68, tunaishi naye Pangani. Wiki tano zilizopita aliinama kunyanyua ndoo ya maji, na wala haikujaa, ilikuwa nusu tu. Akasikia kitu "ko!" mgongoni, akakaa chini palepale. Tulidhani ameteguka, tukamkanda kwa maji ya moto na kumpaka dawa ya kuchua. Wiki ya pili tukampeleka Tanga, akapigwa picha. Tukaambiwa pingili moja ya uti wa mgongo, imeandikwa L1, imebonyea kwa mbele. Alipimwa na damu. Daktari akampa dawa za maumivu, dawa ya mifupa ya kumeza mara moja kwa wiki, na mkanda wa mgongo. Akasema haitaji upasuaji, aanze mazoezi.

Tangu siku ya ndoo mama yuko kitandani. Akitaka kuinuka tunamzuia, tunaogopa pingili isije ikasagika kabisa. Shangazi anataka tumlete mzee mmoja anayeunga mifupa aje amnyooshe. Mama mwenyewe kinachomuuma zaidi ni kwamba hawezi kusujudu, na kila siku anasema amekuwa mzigo. Mazoezi gani haya ya mtu aliyevunjika mgongo? Na je, atapona?

*Binti mwenye hofu, Pangani*

Jibu

Marahaba mwanangu. Mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia. Nimelisema hili kwenye ukurasa huu mpaka mhariri amechoka. Daktari ndiye aliyesoma picha na kuandika dawa. Kazi yangu huanza pale daktari anaposema "aanze mazoezi" na familia ikasikia "alale".

Atapona. Ila uelewe atapona vipi. Chukua kiboksi cha kiberiti kilicholowa kidogo, ukiminye upande mmoja kwa kidole gumba. Mbele kinabonyea, nyuma kinabaki na kimo chake. Pingili ya mama ndivyo ilivyo sasa, imekuwa kama kabari. Haitarudia kimo chake cha zamani, lakini itaganda hivyohivyo ilivyo na itaganda imara, kwa kawaida ndani ya wiki 8 hadi 12. Mishipa ya fahamu inapita nyuma ya pingili, upande ambao haukubonyea. Ndiyo maana miguu ya mama inafanya kazi na haja zake anazimudu. Hiyo L1 ni pingili ya kwanza ya kiuno, jirani na ya mwisho ya kifua. Juu yake mgongo umeshikwa na mbavu, chini yake unapinda utakavyo, na hapo katikati ndipo pingili nyingi huvunjikia.

Sasa ile ndoo. Nusu ndoo ni kilo kumi hivi. Mama yenu amebeba ndoo zilizojaa, kichwani, miaka hamsini. Ndoo haina kosa kubwa. Mwanamke akishakoma hedhi homoni iliyokuwa ikilinda mifupa yake hupungua, na mfupa huliwa kwa ndani kimyakimya. Kwa nje uko vilevile, kwa ndani umekuwa kama mkate wa mofa. Pingili ikivunjika kwa nusu ndoo, na madaktari wakishaona kwamba si kifua kikuu wala saratani, mfupa wenyewe umeshatoa majibu, hata kama mashine ya kupima uzito wa mifupa haipo karibu. Kwa hiyo ile dawa ya kila wiki msiiache maumivu yakiisha. Haikuandikwa kwa ajili ya maumivu. Kama ni alendronate, na mara nyingi ndiyo hiyo, aimeze asubuhi kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai wala maziwa. Kisha akae wima au atembee nusu saa kabla ya kula. Akilala nayo itamchoma koo la chakula. Mtu aliyelazwa wiki tano mchana na usiku, hilo nina wasiwasi nalo.

Nikuambie jambo ambalo silisemi kwa fahari. Mama yangu mimi, mama wa mtu anayelipwa kwa kushika migongo ya watu, alikaa na pingili iliyovunjika karibu miezi miwili huku nikimpaka dawa ya kuchua. Nilisema ni uzee. Aliyegundua ni fundi wake wa nguo. Mama alipeleka gauni likatwe kwa mbele kwa sababu lilikuwa linaburuza, fundi akapima, akapima tena, akamwambia: "Bibi, gauni halijarefuka. Wewe ndiye uliyefupika." Nyumbani kwetu kuna fremu ya mlango yenye alama za mkaa tulizopimiwa urefu utotoni, na siku moja mama naye alijipima kwa utani, tukamchorea mstari wake juu yetu sote. Nikamsimamisha pale. Mstari ulikuwa vidole vitatu juu ya utosi wake.

Tangu siku hiyo mwanamke aliyepita miaka 60 akija kwangu na mgongo, namuuliza kwanza habari za nguo zake. Mtu akiwa amepungua kama sentimita nne kulinganisha na urefu wake wa ujanani, picha ya mgongo ipigwe, hata kama hakumbuki kuanguka. Pingili nyingi huvunjika bila hata huo mlio wa "ko!".

Tuje kitandani. Siku mbili tatu za mwanzo, maumivu yakiwa makali, mtu alale. Mama yenu yuko wiki ya tano, na hapo ninyi mnaomlinda ndio mnaomdhuru. Mfupa usiobebeshwa kitu hupungua. Misuli ya mapaja ya mtu mzima hunywea kwa haraka ambayo usingeamini, na ikinywea huyo ndiye atakayeanguka chooni mwezi ujao. Ongeza damu kuganda miguuni, mapafu kujaa makohozi, vidonda vya mgongoni, na choo kigumu. Kukamia choo kigumu ukiwa na pingili iliyovunjika ni adhabu. Kama dawa yake ya maumivu ni tramadol, hiyo nayo hufunga tumbo, kwa hiyo papai na maji visikosekane.

Leo hii, baada ya kusoma, mwinueni. Kwa utaratibu huu.

Nusu saa au dakika 45 kabla, apewe dawa yake ya maumivu kama alivyoandikiwa, ili mazoezi yakute dawa imeshika. (Diclofenac ya kununua dukani msimwongezee. Kwa umri wake inaweza kumtoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo.) Alale chali, apinde magoti, nyayo zikanyage godoro. Ageuke kwa ubavu kama gogo linavyoviringika: mabega, kiuno na magoti kwa pamoja, kusiwe na kinachotangulia. Akishakuwa ubavuni, miguu iteremke nje ya kitanda, na wakati huohuo asukume godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Miguu ikishuka, kiwiliwili hupanda chenyewe, kama mizani ya dukani. Akae dakika moja kizunguzungu kiishe. Mkanda avae hapo, akiwa amekaa, kisha asimame.

Wewe simama mbele yake umwangalie. Usimvute mikono! Najua mkono wako utataka kwenda. Nimeona wajukuu wenye nguvu wakimvuta bibi kutoka kitandani kwa mapenzi kabisa, mgongo ukajikunja na maumivu ya wiki ya kwanza yakaanza upya.

Siku ya kwanza atoke kitandani hadi mlangoni na kurudi, mara tatu kwa siku, inatosha. Kesho mlangoni na kibarazani. Wiki ijayo hadi kwa jirani. Akiwa na fimbo, iwe inafika kwenye kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Fimbo fupi humfanya mtu ainame, na kuinama ndiko tunakokukimbia. Mkanda avae akiwa amesimama au anatembea, alalapo uvuliwe, na wiki ya 8 hivi aanze kuuacha saa moja moja hadi ausahau. Ukivaliwa mwaka mzima, misuli ya mgongo hukaa kama mtumishi ambaye kazi zake zote zimefanywa na mwingine.

Mazoezi yenyewe hayana mashine. Akiwa chali, magoti juu, akandamize kisogo, mabega na viganja kwenye godoro, ahesabu hadi tano huku anapumua, aachie. Mara tano asubuhi, mara tano jioni. Pumzi isizuiwe, anayehesabu kwa sauti hawezi kuizuia. Akiwa amekaa kitini, ayasogeze makombe ya mabega nyuma yakaribiane, kama anayetaka kubana kipande cha karatasi katikati yake. Wiki ya pili ya kuinuka, aanze kusimama kutoka kwenye kiti cha kulia chakula na kukaa tena polepole bila kujitupa, mara tano, baadaye kumi. Kisha ukutani: asimame mgongo ukigusa ukuta, visigino mbele kidogo, kisogo kikitafuta ukuta, apandishe mikono kadiri inavyokwenda. Mara ya kwanza kisogo hakitafika. Pima nafasi iliyobaki kwa vidole vyako, vinne au vitano, uandike kwenye kalenda. Mama yangu alianza na vinne, na hakuna kilichompa moyo kuliko kuona vinakuwa vitatu, halafu viwili na nusu. Mwisho, ashike nondo za dirisha, ainuke kwa vidole vya miguu na kushuka, kisha asimame kwa mguu mmoja. Hilo ni la kumzuia asianguke, na asiyeanguka havunjiki nyonga.

Kuna mtu atakuambia mazoezi ya mgongo ni kugusa vidole vya miguu, au kulala chali na kuinua kichwa kukaza tumbo. Kwa mama yenu, marufuku. Mwaka 1984 watafiti wawili wa hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani, Sinaki na Mikkelsen, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokoma hedhi, mifupa ya migongo yao ikiwa dhaifu kama ya mama. Waliofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwenda nyuma, 16 kwa kila mia walivunjika tena. Waliofanya ya kujikunja mbele, 89 kwa mia. Makundi yalikuwa madogo na utafiti ni wa zamani, lakini kwa pengo kama hilo mimi sihitaji kusubiri mwingine. Sababu yake ni kile kiberiti: kujikunja kunaminya upande wa mbele, uleule ulioshindwa.

Kwa hiyo hebu tuingie jikoni, maana mazoezi ni nusu saa kwa siku na jiko ni saa zote zilizobaki. Adui wa kwanza wa mgongo wa mwanamke wa pwani ni mbuzi ya nazi. Mtazame mama akiikalia: makalio karibu na ardhi, magoti juu, mgongo umejikunja kama kamba-mti, na mikono inazungusha kifuu huku kiwiliwili kinasukuma. Yaani kila kitu ninachokataza, kwa pamoja, dakika ishirini, kila siku. Mbuzi apewe mjukuu. Moja kwa moja. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali au meza ya saruji lifike usawa wa kiuno. Ufagio wa chelewa ufungwe kwenye mti mrefu. Nguo zifuliwe beseni likiwa juu ya meza. Akinawa uso, kiganja kimoja kikae ukingoni mwa sinki. Akitaka kukohoa au kupiga chafya, akumbatie mto na kunyoosha mgongo kwanza, kwa kuwa chafya moja ya ghafla ukiwa umeinama inatosha kubonyeza pingili dhaifu.

Na akilazimika kuinama, ainamie nyonga. Hili wengi huwa hawalielewi kwa maneno, kwa hiyo nawaambia hivi: fanya kama umebeba sinia mikononi na unataka kufunga mlango nyuma yako kwa makalio. Magoti yanalegea, makalio yanakwenda nyuma, mgongo unabaki ubao. Kila mwanamke amefanya hivyo maishani. Sasa afanye hivyo hata akiokota kijiko.

Chakula kwa ufupi: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, maziwa au mtindi, maharage, yai. Mchicha ni mzuri kwa mengine, lakini madini yake ya chokaa mwili huyapata kwa shida. Asubuhi akae uani mikono na miguu ipate jua. Buibui na kuta za chumba cha wagonjwa havipitishi kitu.

Kusujudu. Hapa nilikwenda kumuuliza imamu wa msikiti wa mtaani kwetu kabla ya kuandika, nisije nikasema la kwangu. Akanikumbusha kwamba ruhusa ipo tangu zamani: asiyeweza kusimama asali amekaa, asiyeweza kukaa asali kwa ubavu. Basi kiti chenye egemeo lililo wima, rukuu kwa kuinamisha kichwa, sijda kwa kukiinamisha zaidi kidogo, mgongo usijikunje. Mwezi wa tatu tangu avunjike, picha ikionyesha mfupa umeganda, mtaalamu wa viungo atamfundisha kushuka sakafuni kwa kupiga goti moja kisha la pili, akishika kiti, na kuinuka vivyo hivyo. Nimewaona wagonjwa wakilia machozi siku hiyo kuliko siku waliyoanza kutembea.

Kuhusu mzee wa shangazi. Namheshimu, na shangazi mwambie kwa adabu, lakini mgongo huu usinyooshwe, usikandamizwe, wala mtoto asipandishwe kuukanyaga, tabia ambayo majumbani bado ipo. Hakuna kilichotoka mahali pake kinachosubiri kurudishwa. Kuna mfupa uliobonyea unaosubiri kuganda, na mikono yenye nguvu itaubonyeza zaidi. Kama anapenda kushikwa, na wengi wanapenda, mpake mafuta akiwa amelala ubavu, viganja vyepesi kwenye misuli ya pembeni tu.

Mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, si kesho, akianza kupungukiwa nguvu miguuni, akifa ganzi kati ya mapaja, akishindwa kukojoa au akijikojolea bila kujua. Maumivu yakizidi baada ya wiki ya nane badala ya kupungua, au yakihamia mahali pengine pa mgongo, picha irudiwe.

Halafu hili la "mzigo". Mwekeeni meza iliyoinuka hadi kifuani, ungo juu yake, achambue mchele wa nyumba nzima akiwa amekaa wima. Mama yangu siku ya kumi alianza kunikosoa jinsi ninavyokata vitunguu. Nikajua tunakwenda vizuri.

Swali

Mambo vipi mtaalamu. Mimi ni mkwezi wa minazi hapa Mafia, miaka 31. Niliteleza nikiwa juu kama mita tano, nikaangukia miguu. Hospitali wakasema pingili ya L2 imebonyea kidogo, haijasogea, mishipa iko salama. Nimevaa mkanda wiki nane sasa. Maumivu ni kidogo tu, natembea hadi bandarini. Tajiri wa shamba ananiambia nazi zinadondoka zenyewe, na kama siwezi kupanda basi nikafanye kazi nyepesi ya kufua nazi chini. Nipande?

*Mkwezi, Mafia*

Jibu

Usipande, ndugu yangu. Na hiyo "kazi nyepesi" ndiyo iliyonishtua zaidi.

Wewe na yule mama wa Pangani mna jina moja la ugonjwa kwenye karatasi, lakini mifupa yenu haifanani. Wake ulishindwa na nusu ndoo. Wako ulikuwa mzima, ukavunjwa na mwili wako wote ukishuka mita tano. Utaganda vizuri kuliko wake. Ila wiki nane maumivu yamepungua kwa sababu mfupa umeanza kushikana, kama saruji iliyokauka juu. Ukiipandia itakubali siku moja mbili.

Kufua nazi kwenye kifuo umewahi kujitazama? Unainama mbele, unaidunga nazi kwa uzito wa kifua, unapindisha kiuno kung'oa kumbi, na unafanya hivyo mara mia kadhaa kwa siku. Kwa pingili iliyobonyea mbele, mimi ningekuruhusu kupanda mnazi mfupi kabla ya kukuruhusu kifuo. Mwambie tajiri kazi nyepesi ni kuhesabu nazi na kuandika, au kuuza. Akikataa, mwombe daktari akuandikie barua.

Jambo jingine: visigino. Anayeangukia miguu kutoka juu anaweza kuvunja kisigino na pingili kwa pamoja, na maumivu ya mgongo huficha ya mguu. Asubuhi ukikanyaga chini, kisigino kinachoma? Kikiuma pembeni ukikibana kwa viganja viwili, kipigwe picha nacho.

Nenda ukapigwe picha mpya ya mgongo ukiwa umesimama, si umelala, maana uzito wa mwili ndio unaoonyesha kama kabari inaongezeka. Ikiwa imetulia, anza kuuvua mkanda kidogo kidogo na uanze kazi. Piga magoti na viganja chini kama mtoto anayetambaa, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, shikilia sekunde kumi bila kiuno kuyumba, badilisha. Lala chali, magoti juu, inua makalio hadi mapaja na tumbo viwe mstari mmoja. Lala kifudifudi na mto chini ya tumbo, inua kifua kidogo. Tembea mchangani maji yakiwa yamekupwa, kila wiki mbali zaidi. Mwezi wa tatu tangu uanguke, anza kubeba madumu mawili ya lita tano, moja kila mkono, ili mzigo usikuvute upande mmoja.

Kipimo changu mwenyewe kwa watu wa kazi ngumu ni hiki: ubebe madumu mawili ya lita kumi hatua mia, uchuchumae na kuinuka mara ishirini, na kesho yake asubuhi mgongo usiwe na habari. Hapo, na daktari akikubali, uanze na minazi mifupi. Kwa wengi hilo huwa kati ya mwezi wa nne na wa sita. Na asubuhi ya mvua, mti ukiwa na ukungu, shuka. Nadhani ndivyo ulivyoteleza, ingawa hukuandika.

Swali

Mimi ni kijana wa miaka 26, Mwanza. Mgongo unaniuma mwezi wa nne huu, sikuanguka wala sikubeba kitu. Usiku unazidi. Jioni napata joto, nalala nikitoka jasho, suruali zimekuwa kubwa. Mke wangu anasema kuna kifupa kimechomoza katikati ya mgongo. Naomba mazoezi ya kukirudisha.

*Mwenye kifupa, Mwanza*

Jibu

Mazoezi sikupi. Homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, na kinundu katikati ya mgongo wa kijana ambaye hakuanguka: cha kwanza kinachotafutwa hapo ni kifua kikuu cha mgongo. Kinaweza kuwepo hata kama hukohoi. Daktari Mwingereza, Percivall Pott, alikieleza mwaka 1779, na mpaka leo wakubwa wengi wa hospitali wanakiita kwa jina lake. Bakteria hula pingili kwa mbele, zinabonyea, mgongo unachomoza kwa nyuma. Kikiachwa kinafika kwenye mishipa ya fahamu na miguu inakufa.

Nenda wiki hii, hospitali yenye picha, na uwaeleze yote uliyoniandikia mimi, hasa jasho na suruali. Kama ndicho, dawa zake katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, na utazimeza kwa miezi mingi bila kuruka hata siku moja. Mke wako, na kila mnayelala naye nyumba moja, nao wapimwe. Kabla ya kwenda usibebe mzigo, na usikubali mtu akikandamize hicho kifupa. Miguu ikianza kuwa mizito usingoje usafiri wa kesho.

Ukishaanza dawa na daktari akakuruhusu, niandikie tena, tuzungumze mazoezi.